Mlio wa Rivasi

Naanza kwa kukiri, maana mke wangu ameshaniambia nikijisafisha hata kidogo ataisoma hii kwa sauti sebuleni mbele ya wageni. Mimi ndiye niliyelala. Hakukuwa na breki mbovu, hakukuwa na jini, wala hakuna mtu aliyenitilia kitu kwenye chai. Nililala saa nane mchana, jua la Dar linachoma, nimekaa juu ya mashine kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa, na nyuma ya mashine hiyo alikuwepo mzee wa watu ameinama.

Nilikuwa dereva wa foklifti kwenye yadi moja ya makontena, si mbali na bandari. Usifikirie zile foklifti ndogo za kubebea magunia. Hii tairi lake lilikaribia kimo changu, na mbele ilikuwa na mkono wa chuma unaokamata kontena zima na kulinyanyua. Ukishalibeba kontena huoni mbele, kwa hiyo muda mwingi unaendesha kinyumenyume. Na kila ukipiga rivasi mashine inalia yenyewe, pii… pii… pii…, ili walio chini wasikie na wapishe. Ukifanya kazi ile mwezi mmoja mlio huo huusikii tena, kama usivyoisikia feni ya chumbani kwako. Nawaomba muukumbuke, kwa sababu mimi niliusahau.

Chini alikuwepo mzee mmoja, mtu wa pwani, mzaliwa wa hapahapa mjini, amebakiza miezi michache astaafu. Kazi yake ilikuwa kuwa macho yangu. Alivaa kizibao cha kung'aa, na kichwani barakashia, maana kofia ngumu aliivua kila bosi alipogeuka. Shingoni filimbi, mkononi kipande cha nondo cha kugongea makontena pale filimbi isiposikika. Asubuhi alivuka kutoka Kigamboni, akapita soko la samaki la Feri kununua vibua vya kukaanga, na kimoja kilikuwa changu siku zote, kimefungwa kwenye gazeti. Aliniita Mangi, kama mji huu unavyomwita kila mtu aliyetoka Kilimanjaro, na hakuchoka kunitania. "Mangi, wenzako wote wana maduka Kariakoo, wewe umekuja kuchunga chuma." Nami nikimwambia angalau mimi nina mashine, yeye ana filimbi. Tulikwenda hivyo miaka minne.

Na kila zamu ilianza kwa maneno yaleyale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mangi. Umelalaje?"

"Salama."

Hata tukiingia zamu ya usiku, jioni jua linazama, bado aliniuliza umelalaje, kwa kuwa watu wa zamu ile tunalala mchana. Nilijibu salama huku nimeinama natafuta glavu. Nani anaulizwa umelalaje akajibu vibaya? Kwetu hata mgonjwa wodini ukimsalimia anasema salama kwanza, ndipo anakueleza anavyokufa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa silali. Wiki mbili zamu za usiku, wiki mbili za mchana, mwili haujui ushike lipi. Na nyumbani ni chumba na sebule, ghorofa ya pili, katikati ya Kariakoo. Chini ya dirisha langu kuna jamaa anayeuza spika za matangazo, zile ambazo wafanyabiashara wanarekodi bei zao kisha zinapiga kelele zenyewe kutwa nzima. Kila mteja lazima ajaribishe. Ng'ambo ya mtaa kuna muuza suruali, na spika yake inasema "Chagua mwenyewe, buku tatu, buku tatu, bei ya kutupa," tangu saa mbili asubuhi. Ikifika alasiri betri inaisha, sauti inakuwa nzito na ya polepole, kama mlevi anayeomba msamaha. Mikokoteni nayo inapita, wabebaji wanaita "Mguu! Mguu!" ili watu wapishe. Nilijifunika mto, nikaziba masikio kwa pamba, nikahamia sebuleni, nikarudi. Siku moja nilishuka na bukta nikamtukana yule wa spika matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, unataka ya wati ngapi?"

Mke wangu ndiye aliyeileta milio. Ana kibanda cha vitenge mtaa wa tatu kutoka nyumbani, na kwenye kundi lao la kina mama la simu kulikuwa na mmoja aliyesema anapata usingizi kwa kusikiliza sauti za kupigapiga. Adhuhuri moja akanikuta nimekaa kitandani, macho mekundu, nimeushika mto kama nataka kuunyonga. Akanipachika spika ndogo za masikioni zilizounganishwa na simu.

"Nini hii?"

"Nyamaza. Sikiliza."

Milio yenyewe ilikuwa ya aina tatu: ya kutuliza moyo, ya kukusanya akili, na ya usingizi. Muziki hamna. Ni sauti moja tu, inakuja, inakatika, inakuja, inakatika. Wanaoiuza wanadai ubongo ukiisikiliza kwa muda unaifuata, ikienda mbio unachangamka, ikienda taratibu unalegea. Nilicheka. Nikamwambia kama ni sauti za kupigapiga, mafundi wa mageti kule mtaa wa Gerezani wananipa bure.

"Cheka," akasema, "lakini usizivue."

Ile ya kutuliza ilikuwa nene, vuu… vuu…, ikanikumbusha mashine ya kusaga unga, ikanipandisha hasira. Ya kukusanya akili ilikimbia mpaka nikaanza kutikisa mguu. Za usingizi zilikuwa nyingi, tukazijaribu mojamoja, hii hapana, hii hapana, mpaka tukafika kwenye moja nyembamba, ya juu kidogo, isiyo na haraka. Pii… kimya… pii… kimya… Nakumbuka nilitaka kumwambia kwamba hii nayo ni upuuzi mtupu. Sikuimaliza sentensi. Niliamka saa kumi na moja jioni, mate yamelowesha mto, mke wangu amesimama mlangoni anacheka mpaka anashika ukuta.

Acha we! Mtu aliyeishi miaka minne kwa usingizi wa kuibaiba, ukimlaza kweli unaweza kumwuzia chochote. Nililala usingizi wa pono. Spika za chini zipige, muuza suruali alie, mimi simo. Zamu ya usiku nililala mchana kwa mlio, zamu ya mchana nikalala usiku kwa mlio. Wiki ya tatu nilikuwa siusikii hata mwanzo wake vizuri, unapiga mara tatu, mara nne, nimekwenda. Nikanenepa. Nikaacha kuwafokea watoto. Kazini nikawa mhubiri, nikamwambia mzee nimwekee na yeye kwenye simu yake, akakataa, akasema analala na tasbihi yake na inamtosha.

"Siku hizi umenawiri, Mangi. Umelalaje?"

"Salama, mzee! Salama kabisa."

Safari hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo maana sikuelewa kilichofuata.

Kilianza kidogokidogo. Nikiendesha kwenda mbele, macho makavu. Nikipiga rivasi, kope zinakuwa nzito. Nikadhani ni jua. Nikadhani ni wali, nikaacha kula wali mchana. Nikawa nanunua maji baridi najimwagia shingoni, kiti cha dereva kinalowa, naonekana kama mtu aliyejikojolea. Nikaanza kuusikiliza ule mlio wa kukusanya akili njiani asubuhi, natembea Gerezani nimekaza uso, lakini nikishapanda mashine na kuanza kurudi nyuma, hali ni ileile. Nalala vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu, halafu nasinzia kazini kuliko nilipokuwa sipati hata lepe la usingizi. Nikaanza kuogopa ugonjwa. Baba yangu alikuwa na kisukari. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimebeba kontena refu, nalipeleka safu ya mwisho, narudi nyuma kwenye uchochoro kati ya safu mbili za makontena. Mzee alikuwa nyuma, upande wa kushoto. Namwona kwenye kioo, mkono wake unaniita, njoo, njoo, njoo. Mashine inalia, pii… pii… pii… Kisha akaona ubao wenye misumari kwenye njia ya tairi. Akanyoosha kiganja, yaani simama. Akaingia nyuma ya mashine, akainama kuuokota.

Mimi nilikiona kile kiganja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikiona, nikajua maana yake, na mguu wangu haukufanya kitu. Nilikuwa mahali pazuri. Palikuwa na ubaridi, palikuwa na mto wangu, na sikuwa na shida na mtu yeyote.

Kilichoniamsha ni nondo. Mzee alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegota kwenye kontena la safu ya mwisho, hana pa kwenda, filimbi mdomoni, anagonga bati kwa nguvu zake zote. Ngo! Ngo! Ngo! Nikakanyaga breki. Kontena likayumba mbele yangu, mashine nzima ikatetemeka, ikasimama. Nilipochungulia kiooni niliona tairi, nikamwona mzee, na kati yao nafasi ambayo usingepitisha beseni. Barakashia yake ilikuwa imeanguka, nusu iko chini ya tairi.

Sikushuka. Yeye ndiye aliyekuja, akajipenyeza, akapanda ngazi polepole, akasimama mlangoni mwa kibanda changu anahema. Hakupiga kelele. Laiti angenitukana!

"Kumetokea nini, Mangi?"

Nikasema, "Breki, mzee. Breki imekataa."

Yalitoka yenyewe. Namwangalia mtu niliyetaka kumsaga, na mdomo wangu unamdanganya bila hata kukwama. Mashine ikasimamishwa, fundi akaingia chini yake, akakaa huko mpaka jioni. Akatoka uso umejaa grisi, akasema breki ni nzima, labda kulikuwa na upepo kwenye mfumo, ameutoa. Labda! Nikamshukuru sana. Mzee alikuwa ameketi kwenye kreti pembeni akiisugua barakashia yake kwa maji, na alama ya tairi haitoki. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi.

Kesho yake asubuhi akaniuliza umelalaje. Nikamwambia salama. Akanipa kibua changu kama kawaida, nikakila nimempa mgongo.

Jumapili ndiyo nilipojua. Tumetoka kanisani, tumekaa mezani mchana, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Mtori, supu yetu ya ndizi, umeiva, kila mtu na bakuli lake. Chini barabarani likaja lori la kushusha marobota ya mitumba. Mtaa wetu ni mwembamba, halina namna ila kuingia kinyumenyume. Pii… pii… pii…

Nilikuwa na kijiko mkononi. Kitu kilichofuata nilichosikia ni kicheko. Nikafumbua macho, mtori uko kwenye shati na sakafuni, kijiko kando yake, watoto hawana mbavu. "Baba kalala! Baba kalala anakula!" Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameganda, uso ameuelekeza dirishani. Lori lilikuwa bado linalia. Mlio wa aina ile alikuwa ameusikia mara nyingi ukivuja kwenye masikio yangu, kila alipokuja kunivua zile spika nikishalala.

"Wewe," akasema taratibu. "Mashine yako ikirudi nyuma inaliaje?"

Nikageuka dirishani nami. Zaidi ya mwezi mzima nilikuwa najifundisha mwenyewe, kila siku, kwa bidii zote: ukisikia pii, kimya, pii, kimya, lala. Shuleni sikuwahi kuwa mwanafunzi mzuri hivyo. Na kati ya milio yote iliyokuwepo kwenye ile simu, niliuchagua huo kwa mkono wangu. Pengine niliuchagua kwa sababu nilikuwa nimeuzoea. Miaka minne umekuwa masikioni mwangu, mwili ukauona ni wa nyumbani. Mlio uliowekwa kwenye mashine ili mtu aliye chini aokoke, mimi niliugeuza kuwa bembelezo.

Nikawaambia watoto wakachezee nje. Kisha nikamweleza mke wangu habari ya Alhamisi, yote, kiganja, nondo, breki. Alikaa chini sakafuni palepale, kwenye mtori.

Tukaifuta milio ya usingizi yote. Rahisi, sivyo? Usiku huo sikulala. Kesho yake sikulala. Usingizi wa zamani, hata ule wa kuibaiba, nao ulikuwa umekimbia. Nilijigeuzageuza mpaka alfajiri, nikipata mang'amung'amu tu ya kunidhihaki. Halafu nafika kazini na usingizi wa siku mbili mwilini, napiga rivasi, na mlio unaouita upo palepale juu ya kichwa changu, haufutiki kwa kubonyeza simu. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Nilifungua dirisha nikaimba nyimbo za Krismasi kwa sauti, na haikuwa Krismasi, mzee chini akaniuliza kama nimeokoka upya. Niliendesha polepole mpaka madereva wa malori wakaanza kunipigia honi na kunitaja mama yangu. Na kila mzee aliponiita kwa mkono, njoo, njoo, njoo, nilimwona kiooni na ile barakashia yenye alama ya tairi. Hakununua nyingine. Alikuwa ananisimulia habari za banda la kuku alilojenga Kigamboni, kuku wa kienyeji atakaowafuga atakapostaafu. Nilikuwa nasikiliza huku nahesabu hatua kati ya mgongo wake na tairi langu.

Jumatano jioni mke wangu akafunga mlango wa chumbani.

"Kesho sema mgongo unakuuma. Wakuondoe kwenye mashine hata kwa muda. Mgongo nani ataupima?"

"Na nikisema ukweli?"

"Ukisema ukweli watasema huyu alilala kwenye mashine akaisingizia breki. Nani mji huu atakupa mashine tena?"

Hakukosea. Madereva wa mashine kubwa tunajuana, yadi zinaulizana. Jina likichafuka sehemu moja limechafuka kote, na mimi sikuwa na ujuzi mwingine duniani. Tulibishana kwa minong'ono watoto wasisikie. Alilia. Nami nilikuwa na hasira naye kwa sababu alichosema ndicho nilichokuwa natamani kusikia. Mwisho nikakubali. Mgongo. Nikatembea chumbani mle nimeshika kiuno, nikifanya mazoezi, na yeye akinisahihisha.

Asubuhi nikafika getini nimeshika kiuno kweli. Siku nne sijalala, macho yanawasha kama yametiwa pilipili. Mzee alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mashine iliyoegeshwa hapo, kifurushi cha gazeti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mangi. Umelalaje?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema salama. Lakini safari hii sikuwa nimeinama, maana mtu mwenye mgongo mbovu hawezi kuinama kutafuta glavu. Nikamwona usoni. Alikuwa ameniinulia uso, ananikazia macho, na alikuwa anangoja. Sijui alingoja hivyo mara ngapi katika miaka minne, mimi nikiwa natazama chini.

"Sijalala, mzee," nikasema. "Leo ni siku ya nne. Na Alhamisi ile haikuwa breki. Nililala."

Nikamweleza. Nilikuwa naongea haraka, sipumui, nikamweleza habari ya milio, lori, mtori, nikamweleza mpaka habari ya mgongo wa uongo, na mkono wangu ukiwa bado uko kiunoni. Nilidhani atacheka, au atanizaba kofi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilijua haikuwa breki," akasema. "Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa unatabasamu."

Akahamishia kifurushi mkono wa pili.

"Nikasema ngoja, kesho nitamwuliza. Nikakuuliza, ukaniambia salama. Kesho kutwa nikakuuliza, salama. Kila siku ya Mungu nakuuliza, Mangi. Wewe ulidhani nakusalimia?"

Nililia. Sioni aibu kuliandika. Nililia pale getini, wenzangu wanapita wanageuza shingo. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alirudi kusimama nyuma ya mashine yangu.

"Ningesimama wapi?" akasema. "Kazi yangu iko hapo." Kisha akafungua gazeti, akakila kibua changu mbele ya macho yangu, taratibu, chote, mpaka akalamba mwiba. Sijawahi kupewa adhabu kali kuliko ile. Alipomaliza akafuta mikono, akasema, "Twende kwa bosi. Na uache kushika kiuno, unanichekesha na sitaki kucheka."

Bosi alitaka kunifukuza saa ileile, na sikumlaumu. Mzee ndiye aliyemwuliza kama nikifukuzwa kwa kusema, nani mwingine pale atasema. Walibishana nusu saa mimi nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Nikavuliwa mashine, nikawekwa chini, mshahara ukashuka nami, nikaanza kujifunza filimbi kwa mzee wangu. Fundi nilimwomba radhi mara nyingi sana. Mpaka leo tukikutana ananiuliza upepo kwenye mfumo umepungua.

Siilaumu milio. Ilifanya ilichoahidi. Mke wangu anasikiliza ile nene ya kutuliza moyo akirudi kutoka kibandani, na namwona anatulia kweli. Mimi nimerudia pamba za masikio na matusi, na usingizi umerudi nusunusu, unatosha. Wiki za kwanza pale chini, mashine ikinirudia, pii… pii… pii…, magoti yalilegea na kope zikashuka, nami nimesimama wima nyuma ya tairi. Mzee akanizoesha kuweka karafuu chini ya ulimi na kuing'ata kila mlio ulipoanza. Baada ya muda mlio ukakumbuka kazi yake. Siku hizi ukilia moyo unanienda mbio, na ninafurahi.

Mzee amestaafu, yuko na kuku wake. Aliniachia filimbi na nondo. Barakashia aliondoka nayo kichwani.

Juzi nimeletewa dereva mgeni, mtu mzima, amehamia kutoka yadi nyingine, hodari. Mke wake amejifungua siku si nyingi. Akaja asubuhi, akanisalimia kwa furaha, "Mambo, kaka!" Nikamwambia poa. Akapanda, akawasha mashine, akaanza kufunga mkanda. Nikapanda ngazi, nikasimama mlangoni mwa kibanda chake.

"Umelalaje?" nikamwambia.

"Salama," akajibu, ameinama, anatafuta glavu.

Sikushuka.

"Sikukusalimia," nikamwambia. "Nimekuuliza."

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu. Akazima mashine.